Kitana cha Bluu

Jamani, mimi niliibiwa mchana kweupe, sahani mkononi, tena nikiwa natabasamu.

Na mwizi wangu hakuruka ukuta wala hakuvunja kufuli. Alikuwa amekaa mbele yangu kwenye kochi la kwao, gitaa pajani, shati la kijivu limenyooka, na yale macho. Macho yenyewe ndiyo yale yaliyonifanya niunguze maharage ya Shangazi sijui mara ngapi. Watu wanamwita Mpole, na jina amelipata kwa haki, maana hata mbwa sijawahi kumsikia akimfokea. Mtu akikupiga kelele unajikinga. Sasa anayekunong'oneza unajikingaje?

Ngoja nisikimbie.

Mimi napiga zeze. Si kwa kujifurahisha, ndiyo kazi yangu, kwenye harusi, kwenye mikutano ya watu, popote ninapoitwa. Nilifundishwa na baba. Baba alikuwa fundi viatu. Mchana anashona soli, jioni anafuta mikono, anashusha zeze lake la kibuyu ukutani, anapaka utomvu kwenye upinde, basi nyumba nzima inanyamaza. Alipofariki aliniachia hilo zeze na akaniachia na njia yake ya kutunga. Alikuwa akisema, "Ukikosa neno, mwanangu, usisimame. Tia kiraka. Taja chochote kilicho mbele ya macho yako, hata kama ni sufuria, wimbo uendelee kutembea. Neno lenyewe likija, unabandua kiraka, unashona neno."

Kwa hiyo nyimbo zangu zote huanza na viraka. Ninao mmoja ulioanza na "sabuni ya kufulia" na leo watu wakiusikia wanalia.

Mpole nilimweleza habari ya viraka siku ya kwanza kabisa tulipokaa wawili, kwenye benchi nje ya ukumbi, baada ya kupiga pamoja. Alikuwa anatikisa kichwa, "Enhe... enhe..." Kumbe alikuwa anatazama midomo yangu. Maneno yaliyokuwa yanatoka humo hakuyasikia hata moja. Na mimi, mjinga wa mapenzi, nikafurahi kutazamwa.

Tangu hapo kila nilichotunga kilikwenda kwake kwanza. Nikimaliza wimbo, kabla Shangazi hajausikia, kidole changu kilikuwa kinajua njia. Nampigia. Akipokea sisemi hata habari za leo. Nasema tu, "Nimemaliza." Na yeye anajibu, "Niimbie." Nikikwama katikati, namtumia kipande kwenye simu, kibichi hivyo hivyo, na viraka vyake.

Tatizo lilikuwa mama yake. Yule mama alikuwa mwalimu mkuu, amestaafu, lakini mpaka leo mtaa mzima unamwita Mwalimu na unajipanga mstari akipita. Mume wake alifariki miaka michache nyuma. Na alishamwambia Mpole wazi, bila kupepesa: "Mimi sina shida na huyo binti. Nina shida na hicho kibuyu. Mke wa mwanangu hatasimama jukwaani watu wakimtazama mgongo."

Tukakaa hivyo, tunapendana kwa kuibia. Halafu siku moja simu ikalia.

"Mama amekubali," Mpole akasema.

"Amekubali nini?"

"Wewe. Jumapili mnakuja kula kwetu, wewe na Shangazi. Na Mjomba atakuwepo."

"Acha utani. Amekubalije?"

"We njoo tu, mpenzi. Kuna kitu kimemlainisha."

Nilirukaruka chumbani mpaka sindano za Shangazi zikamwagika.

*

Shangazi yangu ni fundi cherehani, ndiye aliyenilea tangu baba afariki, na mdomo wake ni mkali kuliko mkasi wake. Njiani siku hiyo akawa ananipa mafunzo.

"Ukifika pale, kula kidogo, cheka kidogo. Na usianze kusema mambo ya zeze mpaka uulizwe."

"Na nikiulizwa?"

"Sema unapiga kidogo."

"Shangazi! Si uongo huo?"

"Si uongo. Ni adabu. Uongo ni hilo gauni lako, linavyoonyesha kama una makalio."

Nilikuwa nimevaa gauni la njano alilonishonea mwenyewe. Nywele nimezibana juu kwa kitana changu cha bluu, kile cha plastiki, kimevunjika jino moja pembeni. Sina uzuri mwingine wa kichwani. Zeze nilikuwa nalo begani kwa sababu jioni nilikuwa na kazi mahali, nisingeweza kurudi nyumbani kulichukua.

Mwalimu alitupokea mlangoni. Alinishika mkono kwa mikono miwili, jambo ambalo sikulitegemea, halafu macho yakashuka begani kwangu.

"Karibu, mwanangu. Hicho kiache hapo na viatu."

Nikaliegemeza zeze la baba ukutani, katikati ya makubadhi na buti la mtu. Liliniuma kidogo. Lakini Mpole alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, ananitazama kama mtu aliyepewa zawadi anaogopa kuifungua, na mimi nikasahau.

Sebule ilikuwa safi ya kutisha. Vitambaa kwenye viti, saa ya ukutani, picha ya marehemu baba mtu katikati, anacheka, kipara kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Chini ya picha alikuwa amekaa Mjomba, kaka yake Mwalimu. Huyu ni mtangazaji, ana kipindi cha nyimbo za asili redioni, na sauti yake ni ile ile ukimsikia hewani au akiomba chumvi. Pembeni yake alikuwa dada yake Mpole, wifi yangu mtarajiwa, anayekagua kucha zangu tangu nilipoingia.

Tukala. Tukacheka kidogo, kama tulivyoagizwa. Shangazi akasifu mapazia. Mwalimu akasifu gauni langu, Shangazi akavimba. Kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri mpaka nikaanza kuogopa.

Halafu Mwalimu akaweka kijiko chini.

"Mwanangu, mpigie mjomba wako ule wimbo."

Mpole akanitazama. Mara moja tu, haraka, kama mtu anayeangalia kama mlango umefungwa. Akachukua gitaa.

*Uliniachia uzi, sauti ukenda nayo...*

Wimbo wangu!

Jamani, nilitabasamu hadi masikio. Ule ulikuwa wimbo wa baba. Nilikuwa nimeubeba mwezi baada ya mwezi kama mimba, ndio niliotaka uwe wa kwanza kuurekodi maishani mwangu, na ulikuwa umebakiza mstari mmoja tu. Nikasema moyoni, kumbe ndivyo anavyonitambulisha kwao! Ametafuta njia nzuri kuliko zote. Nikajiweka sawa kwenye kiti, nikaanza hata kufikiria nitajibu nini nikipongezwa.

*Nikivuta nakuita, waitika kwa kilio,*
*Mlango wangu sifungi, huenda ukaja leo...*

Mwalimu alikuwa amejifuta macho kwa ncha ya kitenge. Mjomba amefumba ya kwake. Wimbo wa fundi viatu umeingia sebule ile na kukaa kwenye kochi kama mgeni rasmi. Nikamuona baba yangu.

Mjomba akafumbua macho. "Hii kazi ya nani?"

Mpole akainama, akawa kama anakaza uzi ambao haukuwa umelegea.

"Yangu, Mjomba. Nimemtungia marehemu mzee."

Tabasamu lilibaki usoni mwangu. Nilikuwa sijui nalitoaje. Unajua ukishika chungu cha moto, kuna ile sekunde kabla mkono haujajua? Basi ndipo nilipokuwa.

"Rudia," Mjomba akasema. "Rudia, na umalizie."

Akarudia. Na alipofika kwenye mstari wa nne, Mungu wangu, akauimba. Akaufumbia na macho.

*Kitana cha bluu hiki, na shati msumarini.*

Kile kilikuwa kiraka.

Siku niliyotunga, nilikuwa chumba cha cherehani cha Shangazi. Neno la mwisho likanikimbia. Nikatazama mbele, kitana changu kiko mezani. Nikatazama ukutani, shati la Mpole linaning'inia kwenye msumari linangoja vifungo. Nikavitia vyote viwili wimbo usisimame, nikamtumia kwenye simu nikicheka. Na yeye amekuja kuimba kitana changu mbele ya watu wazima, kwa huzuni!

Shangazi alinikanyaga mguu chini ya meza. Alikuwa amejua.

"Subiri, subiri," Mjomba akasema, akainua kidole. "Hapo kwenye kitana. Pamenishika hapo. Ulimaanisha nini?"



"Kitana..." Mpole akatazama gitaa. "Kitana ni maisha, Mjomba. Yanavyotuchambua. Mmoja mmoja."

"Aaah!" Mjomba akapiga goti lake. "Na kwa nini cha bluu?"

"Bluu ni mbingu. Mzee alikokwenda."

"Na shati?"

"Shati ni mwili. Roho ikishatoka, mwili unabaki umening'inia tu."

"Kaka, una kichwa wewe!" dada yake akasema, mkono kifuani.

"Shati lenyewe," Shangazi akanong'ona ndani ya glasi yake ya juisi, "kola nimeigeuza mimi. Ndilo hilo alilovaa."

Kweli. Lilikuwa hilo hilo. La kijivu.

Mjomba akasema wimbo huu hauwezi kukaa sebuleni. Jumatatu Mpole aende studio, yeye mwenyewe atausimamia, wiki hiyo hiyo utakuwa hewani. "Umalizie tu," akasema. "Unaishia ghafla. Unataka mstari mmoja wa kuufunga."

Nikainua macho, nikakutana na ya Mwalimu. Alikuwa hamtazami mwanawe wala ndugu yake. Alikuwa anatazama kichwa changu, pale nywele zilipobanwa. Akatazama taratibu, jino kwa jino, mpaka lile lililovunjika. Halafu akahamia kwenye shati la mwanawe. Halafu akasimama.

"Mwanangu, njoo unisaidie vyombo jikoni."

*

Alifungua bomba la maji kwanza, tusisikike.

"Marehemu mume wangu," akasema, anasugua sahani iliyokwisha takata, "alikuwa na kipara tangu ananichumbia. Kitana cha nini?"

Nikataka kucheka. Kikatoka kilio.

"Usilie. Nisikilize. Ule wimbo ni wako?"

"Ni wa baba yangu, mama. Yaani nimemtungia yeye."

"Nimeshaelewa." Akafunga bomba, akakausha mikono kidole kwa kidole. "Tangu mume wangu afe, mimi sikuwahi kulia. Watu walidhani nina moyo wa chuma. Siku mwanangu ananiimbia ule wimbo, nililia mpaka nikalala nimechoka kama mtoto. Nikasema, kumbe mwanangu anayajua yaliyo moyoni mwangu."

"Pole, mama."

"Basi nakuomba kitu, na mimi si mtu wa kuomba. Niachie. Muache ndugu yangu autangaze hivyo hivyo, wa mwanangu kwa baba yake. Na mimi nitakupokea humu kwa mikono miwili. Hata hicho kibuyu chako, nitakuruhusu ukipige humu ndani. Sebuleni. Tukiwa wenyewe."

Unaona? Nilikuwa nimepewa. Kila nilichokuwa nakiota kilikuwa mezani, kimepangwa kama vijiko. Nyumba, mume, mama mkwe anayeniita mwanangu. Ningesema "sawa mama" tu, maneno mawili, yasingeniuma hata koo.

Na nilimpenda, jamani. Msinione hivi. Nilimpenda mpaka nikafungua mdomo.

"Naomba nikazungumze naye kwanza," nikasema.

Akanielekeza mlango wa nyuma. "Yuko uani. Nilijua utataka hivyo."

*

Mpole alikuwa amesimama kwenye kamba ya nguo, katikati ya mashuka meupe yaliyoanikwa, anakunja na kukunjua mkono wa shati. Aliponiona akaja haraka, akanishika viganja. Mikono yake ilikuwa ya moto. Mikono yangu ikanisaliti, ikatulia humo kama kawaida yake.

"Umekasirika," akasema.

"Niambie nikasirike au nisikasirike. Mimi mwenyewe sijui."

"Nisikilize, mpenzi. Sikupanga. Mama alikuwa amekaa gizani peke yake, picha ya mzee mkononi. Mimi sina maneno, unanijua. Nikakumbuka wimbo wako. Nikamuimbia. Akalia, akanikumbatia, akasema, 'Umemtungia baba yako!' Sasa ningemwambiaje hapana? Ungekuwa wewe ungemwambiaje?"

"Siku hiyo, sawa." Nilisema kweli. "Siku hiyo ningekusamehe. Hata ningekushukuru. Leo je? Mjomba amekuuliza kazi ya nani. Na mimi nipo, nimekaa hapo, goti kwa goti."

"Nilishikwa na woga."

"Ukamtungia na mbingu."

"Nini?"

"Kitana! Bluu ni mbingu! Mpole, kile ni kitana. Hiki hapa!" Nikajigonga kichwani. "Nilikwambia habari ya viraka. Nilikwambia siku ya kwanza kabisa."

Akanikodolea macho. Nikaona wazi anatafuta, anapekua kichwani, hapati.

"Viraka gani?"

Hapo ndipo paliponivunja. Wizi wa wimbo uliniuma, ndiyo, lakini hili swali liliingia chini zaidi. Vile vipande vyote nilivyomtumia, vile "niimbie" vyote alivyoniambia, alikuwa anasikiliza nini?

"Sikiliza," akasema, ananisogelea, sauti imeshuka kuwa asali. "Wewe unatunga kila siku. Unaamka na wimbo, unalala na wimbo. Kesho utatunga mwingine mzuri kuliko huu. Mimi nina huu mmoja tu, na ndio uliomfungua mama. Nyimbo unazo nyingi. Mimi ninaye wewe mmoja."

Wallahi ni maneno mazuri. Ningekuwa nimeyasoma mahali ningelia. Lakini yalikuwa yanatoka kwake, yananiingia mimi, na nikayasikia yalivyo matupu.

"Baba na yeye ninaye mmoja," nikasema.

Akatazama mashuka.

"Sitaki ugomvi, Mpole. Sitaki hata mama yako aaibike. Nataka kitu kimoja. Ingia ndani umwambie Mjomba huu wimbo si wako. Basi. Sema umekosea, sema umechanganya, tafuta lugha yoyote. Ukisema, mimi leo leo nakuwa mke wako hata bila harusi."

"Nitasema."

"Sasa hivi."

"Nitasema, mpenzi. Baada ya harusi. Mama akishakuzoea."

"Sasa hivi, Mpole."

Akaenda. Naapa alikwenda! Akapita kati ya mashuka, akafika kwenye mlango wa jikoni, akashika komeo. Nikaona mgongo wake unapanda na kushuka. Nikasema, Mungu, huyu ni wangu, huyu ni mwanaume.

Kutoka ndani Mwalimu akaita, "Mwanangu! Mjomba wako anakusubiri."

"Nakuja, mama," akajibu.

Akanyoosha kola. Ile kola iliyogeuzwa na Shangazi. Akageuka akanitazama, akaweka kidole mdomoni, taratibu, kwa mapenzi kabisa, kama unavyomnyamazisha mtoto asiamshe wageni.

Halafu akaingia.

*

Nilipofika sebuleni alikuwa ameshakaa na gitaa. Mjomba alikuwa anasema wimbo ukishapatiwa mstari wa mwisho, yeye mwenyewe atautambulisha hewani: kijana amtungia marehemu baba yake. Mpole anaitikia kwa kichwa. Hakunitazama. Mwalimu alinitazama, na macho yake yalikuwa yananiuliza swali lile lile la jikoni.

"Shangazi," nikasema, "tunaondoka."

"Nilishavaa viatu," Shangazi akajibu. Na kweli, alikuwa ameshavivaa, humo humo kwenye zulia.

"Mbona mapema?" Mjomba akashangaa. "Bibi harusi hajapata hata matunda!"

Nikaenda mlangoni, nikaliokota zeze kutoka kati ya buti na makubadhi, nikalipangusa vumbi kwa gauni langu la njano. Nilikuwa nataka kuondoka tu. Sikuwa na mpango wowote, naomba niaminiwe. Lakini mkono ukagusa uzi kuona kama umelegea, na uzi ukalia, na ile sauti ikamgeuza kila mtu shingo. Ilikuwa sauti ya baba. Na mstari wa nne ukaja. Ule niliokuwa nauwinda mwezi baada ya mwezi, ukaja wenyewe, kama mtu aliyekuwa amesimama nje anangoja ugomvi uishe.

Nikaweka upinde. Nikaimba nimesimama pale pale kwenye viatu.

*Uliniachia uzi, sauti ukenda nayo,*
*Nikivuta nakuita, waitika kwa kilio,*
*Mlango wangu sifungi, huenda ukaja leo,*
*Nilidhani najibiwa, kumbe ni mwangwi, si moyo.*

Saa ya ukutani ilisikika. Mjomba alikuwa amenyanyuka nusu kutoka kwenye kiti, mdomo wazi, anatazama zeze, anatazama gitaa, anatazama zeze tena. Yule ni mtu wa nyimbo, huwezi kumdanganya mara mbili. Mwalimu alikaa wima kabisa, machozi yanashuka, hayafuti. Sikuimba ili nimuumize yule mama. Mpaka leo ananiuma.

Mpole akasimama. "Mpenzi..."

Nikamwendea. Nikachomoa kitana kichwani, nywele zikaniangukia usoni kama nyasi za paa bovu, sikujali. Nikakitumbukiza kwenye mfuko wa shati lake, nikapigapiga kidogo kikae vizuri.

"Mbingu yako hiyo," nikamwambia. "Usiisahau tena."

*

Tukatoka. Jua lilikuwa bado kali. Shangazi alitembea kimya hatua nyingi, na kwa Shangazi huo ni ugonjwa. Mwishowe akashindwa.

"Yaani kola ile niliigeuza bure?"

Nikacheka, nikacheka sana, watu wakatugeukia. Na katikati ya kicheko kikaingia kile kingine, nikajikuta nimekaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, zeze pajani, nywele zimenifunika. Shangazi akakaa karibu yangu na gauni lake zuri, bila kupangusa ngazi. Akaanza kunikusanya nywele kwa vidole, taratibu, anazisuka hivyo hivyo bila kitana.

"Lia tu. Ila umeumaliza, mwanangu. Baba yako angeruka. Umeumaliza!"

Ni kweli. Nilikuwa nimeumaliza. Ilikuwa mara ya kwanza ninausikia mzima kichwani, hauna kiraka hata kimoja. Furaha ikanipanda kifuani, ile ile ya siku zote ninapomaliza wimbo, haikujua kwamba dunia imebadilika. Nikatoa simu mkobani. Nikawa tayari nimeshaiweka sikioni.

"Unampigia nani?" Shangazi akauliza.

Nikaitazama. Jina lake lilikuwa linawaka kwenye kioo. Simu ilikuwa inaita.

"Nilitaka kumwambia," nikasema, "kwamba nimemaliza."

Kabla sijakata, ikapokelewa. Sikusema kitu. Upande wa pili nikasikia pumzi, nikasikia saa ya ukutani ya kwao. Halafu ile sauti ya upole, imekauka, imevunjika, ikaniambia neno lake la siku zote.

"Niimbie."

Nikakata.